Nimeacha Dawa

Tassia, Nairobi
9 Februari 2025

Dada yangu mkubwa Mbeti,

Pokea salamu kutoka huku kwenye vumbi na honi. Sisi sote wazima. Mutisya wangu bado anaendesha lori la unga, na tumbo lake siku hizi hufika kwenye usukani kabla ya mikono. Akisafiri hukaa wiki mbili, akirudi hulala wiki nzima. Ndinda amemaliza chuo, anatafuta kazi. Wakati anaitafuta hiyo kazi anatafuta pia makosa yangu, na hayo anayapata kila siku. Mama hajambo huko Mwala. Nampigia kila Jumapili, na kila Jumapili anamalizia na swali lile lile: "Mbeti amesema atakuja lini?" Mimi humwambia umesema karibuni. Hiyo karibuni imetimiza miaka kumi na moja mwezi uliopita, dada. Ingekuwa mtoto, ingekuwa darasa la sita.

Nakuandikia barua kwa sababu simu umeikataa. Mama anayeuza mihogo hapa nje ana simu mbili, lakini wewe tangu uende kupika kwenye hiyo shule ya masista mbele ya Marsabit umesema mtandao haufiki. Hared, dereva wa Ambaro, yule mama mwenye duka Eastleigh, huyu anayetubebea barua pamoja na mizigo ya duka, anasema mtandao upo kwa mtu anayeutaka. Nilimpa barua tu.

Saluni inaenda. Bado ni kile chumba kimoja chini ya ghorofa, viti vitatu na kioo chenye ufa. Wacuka, karani mmoja wa mjini, ni mwaka wa nane huu namlainisha nywele, na bado kila akiinuka hujitazama kama mtu aliyekutana na mpenzi wa zamani. Unaona hata mimi kazi yangu ina faida kwa taifa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana nimelizunguka ukurasa mzima kwa aibu. Nimeacha dawa.

Sikuwahi kukuambia jinsi ilivyokuwa inanitesa. Niliianza Ndinda akiwa mgongoni, sijawahi kukosa, na miaka hii ya karibuni kila nikiitumia ni machozi. Inachoma, dada. Mwezi wa kumi na mbili nilijitazama kwenye kioo nikaona nimeisha. Nimebaki nusu. Nikajiambia, Kavinya, una miaka arobaini na tisa, unamwogopa nani tena? Basi nimeiacha, liwe liwalo. Mutisya hajui bado, na sijui nitaanzia wapi kumwambia. Wewe ukikutana nami njiani leo utanipita.

Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Ajabu, eh? Mtu aliye mbali kuliko wote. Lakini ni wewe niliyekuwa nikikimbilia tangu zamani, hata nikivunja chungu cha Mama. Najua nilikukosea wiki ile ya mazishi ya shemeji Ndolo. Tulimzika Jumamosi, na Jumatano ulikuwa umeondoka na begi moja. Sijawahi kukuuliza, nawe hujawahi kusema. Sikuulizi hata leo. Nakuambia tu kwamba kitanda cha chumba cha Ndinda ni vile vya juu na chini, na cha chini hakilaliwi na mtu.

Nimetuma leso mbili. Ile ya kijani ni yako, ya njano umpe unayempenda.

Mdogo wako,
Kavinya


Shuleni, Marsabit
16 Machi 2025

Mama Ndinda,

Salamu za huku ni jua tupu. Mvua tunaisikia redioni. Wasichana mia mbili na kumi wanakula na kushiba, na Saado, mpishi mwenzangu, anakusalimu sana. Leso ya njano amejifunga yeye. Barua yako ilikaa Isiolo karibu mwezi mzima, gari la Hared lilivunjika ekseli, kwa hivyo nimeisoma jana.

Nimeisoma mara nne. Kavinya, rudi kwenye dawa. Leo. Usingoje nimalize kuandika.

Sikuulizi uliipata vipi wala kwa nani. Sikuulizi kwa nini ulinificha tangu Ndinda akiwa mgongoni. Kama inakuchoma tumbo, kula uji mzito kwanza. Kama inakupa kizunguzungu, imeze unapoelekea kulala. Kama ni aibu ya foleni, nenda kliniki ya mbali ambako hawakujui, uvae buibui la Ambaro ikibidi. Waambie wakubadilishie, siku hizi kuna aina nyingi. Lakini usiache. Wiki za kwanza mtu hujisikia ana nguvu, akadhani amepona. Usidanganywe na hizo wiki, nakuomba.

Na Mutisya mwambie. Naye anapaswa kupimwa.

Hared anapiga honi.

Dada yako,
Mbeti


Tassia
30 Machi 2025

Dada,

Hujajibu, au umejibu na Hared amelala na jibu lako mahali. Wanasema gari lake limekwama tena njiani, linatafutiwa vipuri. Hii nimeipenyeza kwenye lori lingine la Ambaro, kati ya magunia ya sukari. Ikifika tamu, ujue sababu.

Tuko wazima. Mama ameanza kulima, ingawa tulimwambia apumzike. Anasema kupumzika ni kwa watu ambao watoto wao wote wako nyumbani. Unaona anavyotuchapa sote wawili kwa fimbo moja.

Mutisya ameshajua. Jumapili iliyopita alinikuta nikitoka bafuni, sikuwa nimejificha. Akaketi kitandani.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa kumi na mbili."

"Na ulikuwa uniambie lini?"

"Ukizeeka."

Hakucheka. Akasema, "Rudi kwa dawa, mama. Wewe bila dawa mimi sikujui." Nilicheka mimi kwa niaba yetu sote wawili, kisha nikaenda jikoni nikalia juu ya sukuma wiki. Ziliiva na chumvi ya kutosha.

Ndinda naye: "Mathe, si urudie tu? Unatuangusha, wallahi." Hajawa Mwislamu, usishtuke, ni lugha ya mtaa tu. Wateja wengine wamenihama. Wananitazama, wananong'onezana, wanavuka barabara kwenda kwa jirani. Wacuka bado anakuja, lakini hata yeye ameniuliza polepole kama niko sawa.

Niko sawa kabisa. Sirudi. Wiki hizi nina nguvu za ajabu, dada, najiona mwepesi kama msichana. Asubuhi nasimama dirishani upepo unanipiga, na nawaza vile ungenicheka ukiniona. Ni kicheko chako ninachokosa. Nimejaribu kukiiga nikiwa peke yangu saluni, kikatoka kama cha mbuzi.

Pasaka inakaribia. Sisemi kitu.

Kavinya


Shuleni, Marsabit
27 Aprili 2025

Mdogo wangu Kavinya,

Mvua imefika, na imekata barabara. Barua yako imefika na ukurasa mmoja umelowa, lakini niliyohitaji kusoma yalisomeka. Saado hajambo. Watoto wamekwenda likizo, jikoni kumekuwa kimya, na ukimya huu haunifai.

Inaonekana barua yangu ya mwezi wa tatu haijakufikia. Ulipoandika kwamba una nguvu za ajabu niliacha unga kwenye meza, nikaenda kusimama ghalani hadi Saado akaja kunitafuta. Kwa hivyo nitakuambia jambo ambalo nilikuwa nimeapa kutolitoa kinywani.

Hata mimi niko kwenye dawa. Miaka kumi na moja.

Ndolo alipolazwa, daktari aliniita kando akaniomba nitoe damu. Majibu nilipewa Jumatatu, siku ya pili baada ya kumzika. Nilitoka pale nikatembea hadi soko la Muthurwa, nikanunua begi. Hata sikuchagua rangi. Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu, Mama akinitengea kikombe. Si kwa ubaya, unamjua Mama, angekitenga kwa upendo, angekiosha vizuri na kukiweka peke yake kwenye rafu. Niliona afadhali nife mahali ambapo vikombe vya watu si vya nyumbani kwetu.

Halafu sikufa. Hilo sikuwa nimelipangia.

Mwaka 2017 niliacha, kama wewe. Mhubiri mmoja alipita akasema mwenye imani hahitaji vidonge, na mimi nilikuwa nimechoka kuvificha ndani ya soksi. Nikavimwaga chooni. Kwa mwezi mzima nilikuwa na nguvu za ajabu, Kavinya. Maneno hayo hayo yako. Nilikuwa nakata kuni nikiimba. Mwezi wa nne nilikuwa na kilo thelathini na tisa. Saado alinibeba mgongoni hadi zahanati, na Saado ni mfupi kuliko wewe. Hakuniuliza kitu. Tangu siku hiyo, ikifika saa mbili usiku, hugonga sufuria mara moja kwa mwiko, nami najua nimeze.

Leo niko vizuri. Daktari anasema virusi vimepungua hadi mashine haivioni. Nainua sufuria ya lita arobaini. Lakini kuna jambo linaloniuma tangu barua yako ya kwanza. Nilidhani nawakinga, kumbe wewe pale Tassia ulikuwa na hiyo hiyo, tunameza saa ile ile, kila mmoja amejifungia mlango wake. Tungekuwa tunamezea meza moja.

Rudi kwenye dawa. Ukiniandikia kwamba umerudi, nakuja. Nitakaa kwenye kile kitanda cha chini na kukuona ukimeza kila siku, hata ukinichoka.

Dada yako,
Mbeti


Tassia
18 Mei 2025

Dada yangu Mbeti,

Leo salamu nitazitupa kwa mkono mmoja: wote wazima, Mama mzima, mahindi ya Mwala yamefika magotini. Keti chini kabla ya kuendelea.

Barua zako mbili zimefika siku moja. Hared alizileta Ijumaa saluni imejaa, mimi nina glavu mikononi na Wacuka kwenye kiti, kichwa chote kimepakwa. Nikavua glavu nikafungua ile ya mwezi wa tatu. Nilipofika kwenye uji mzito nilianza kucheka. Kwenye buibui la Ambaro nilikuwa nimeshika ukuta. Wateja wakataka kujua, nikawasomea sehemu hiyo ya kumeza na uji, wakacheka hadi mmoja akatoka nje. Mbeti, nisamehe. Ni dawa ya nywele. Ile ya kulainisha. Hapa saluni hatuiiti jina lingine lolote, tunasema "dawa" tu: leo unatia dawa, dawa yako imeisha, usijikune kichwa kabla ya dawa. Nilisema nimebaki nusu kwa sababu nywele za mbele zimenikimbia hadi katikati ya kichwa. Nimezikata zote. Nina kipilipili changu cha kuzaliwa, kina mvi, na Mutisya anasema ni kama kulala na marehemu baba yake.

Kwa kicheko hicho hicho nikafungua ya pili. Namshukuru Mungu sikuisoma kwa sauti.

Sijui nilisimama pale muda gani. Kilichonizindua ni Wacuka: "Kavinya! Kinachoma! Unaniua?" Nikakimbia naye kwenye sinki, mikono bila glavu. Yeye alipona. Mimi nimebabuka vidole viwili, ndiyo maana mwandiko huu ni wa kuku.

Sasa zamu yangu. Unakumbuka Ijumaa kabla ya kumzika Ndolo? Hukutaka. Mimi nikakulazimisha kwenye kiti, nikasema watu wa Mwala wasikuone na kichwa cha kilio, mjane wa mjini lazima ang'ae. Nikakupaka dawa, simu ya mwenye hema ikalia, nikaanza kubishana naye juu ya viti. Nilikuacha dakika arobaini. Hukulalamika hata kidogo. Nilipomwaga maji, nywele zako zilikuja nayo mikononi mwangu. Ulimzika mumeo na kitambaa kichwani na vidonda chini yake, na Jumatano hukuwepo. Sijahitaji mtu wa kunieleza kwa nini. Miaka kumi na moja, kila kichwa ninachoosha, natazama sinki kwanza.

Kwa hivyo nilipofika pale kwenye majibu ya Jumatatu, jambo la kwanza nililohisi halikuwa huruma. Nilifurahi. Dakika moja nzima nilifurahi kwamba si mimi niliyekufukuza. Ndiyo mdogo wako huyo, mtazame. Baadaye tu ndipo nilipokuona ukitembea Muthurwa peke yako, nikaketi kwenye kiti cha wateja.

Na nikuambie dhambi nyingine. Uliandika kwamba nikirudi kwenye dawa utakuja. Jana nilichukua karatasi nikaandika maneno mawili: nimerudi dawa. Nikaikunja, nikaandika jina lako juu. Ungekuja, najua. Ungefika hapa na hofu yako yote unikute na afya ya punda. Nimeichana asubuhi. Nataka uje, lakini sitaki kukuiba.

Kavinya


Shuleni, Marsabit
15 Juni 2025

Mama Ndinda,

Wazima. Kuna baridi kidogo ya asubuhi. Saado anauliza kama vidole vimepona.

Nilicheka hadi Saado akaja mbio na mwiko akidhani nimeungua. Nywele! Mimi nilikuwa nimesahau kwamba nywele nazo hupewa dawa. Huku nanyoa kila mwezi, na neno hilo kwangu limekuwa na maana moja tu kwa muda mrefu sana.

Halafu nikaona haya. Nimekutolea siri yangu kwa sababu ya kichwa chako.

Kuhusu kichwa changu, sikiliza. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chako nikingoja majibu. Nilihisi kikiungua, ndiyo. Sikusema kwa sababu siku ile hayo yalikuwa maumivu pekee ambayo nilijua yanatoka wapi. Sijawahi kukukasirikia hata kwa usiku mmoja. Ningejua unajibebesha hivyo ningeandika zamani. Hapana, nadanganya. Nisingeandika.

Nashukuru kwamba huna ugonjwa. Kwa hivyo hakuna wa kumtazama akimeza, na mimi sina sababu ya kuja. Afadhali ibaki hivi. Kwenye barua mimi ni dada yako mzima. Nikifika hapo nitakuwa mgonjwa aliyekuja, na nyinyi mtaanza kuongea na mimi kwa sauti ndogo.

Umemwambia nani?

Mbeti


Tassia
6 Julai 2025

Dada,

Sijamwambia mtu. Mutisya ameniuliza kwa nini nalia nikipika, nikamwambia ni kitunguu. Siku hiyo tulikuwa tunapika maharagwe bila kitunguu, lakini ni mwanaume mwema, alikubali ni kitunguu.

Vidole vimepona. Mama anasalimu. Ameuliza swali lake.

Nimefanya jambo, usinigombeze. Nilienda kliniki ya hapa mtaani kuuliza mtu akihamia anafanyaje ili asikose dawa hata siku moja. Sikujua pa kuuliza, nikakaa kwenye foleni. Nilikaa saa mbili kwenye lile benchi, dada, na nilipoona mtu ninayemjua akipita mlangoni nilihisi mgongo wangu ukitaka kuingia ukutani. Nikawaza, Mbeti amebeba hivi miaka kumi na moja. Kando yangu kulikuwa na Awuor, mteja wangu wa kila mwezi. Tulitazamana. Akasogea, akanipa nafasi zaidi ya kuketi, basi. Jumamosi alikuja saluni kama kawaida, akaketi, akasema, "Mama Ndinda, nifanyie vizuri."

Ndani kulikuwa na nesi anaitwa Obonyo, kijana mwenye sauti kama ya mtangazaji. Akaniuliza namba yangu. Nikasema ni ya dada yangu. Akasema, "Sawa mama, wengi huanza na dada yao." Nilitaka kumbishia, nikaacha. Anasema uje na barua ya uhamisho kutoka zahanati yako na dawa za kukutosha safari, mengine atayashughulikia.

Sasa habari imetembea. Nusu ya Tassia wamesikia nilionekana kwenye ile foleni, na kwa jinsi nywele zilivyoniisha wameamini palepale. Mwenye duka ananiuliza hali kwa sauti ndogo, hiyo hiyo unayoiogopa. Ndinda aliambiwa njiani, akaja mbio. Nilimtuliza, nikamwambia nilienda kuulizia mtu. Hakuuliza nani. Amesema waongee hadi wachoke. Hata mimi nimesema waongee. Kazi imepungua wiki mbili, sasa wameanza kurudi mmoja mmoja, maana jirani anachoma watu masikio.

Kwa hivyo hayo uliyoyaogopa yameshatokea, dada, yamenitokea mimi, na bado nakula mara tatu kwa siku. Vikombe vya nyumba hii vyote vimevunjika mikono, hatujui kipi ni cha nani.

Unasema huna sababu ya kuja. Sikuwa natafuta sababu. Nimekukosa tu. Namkosa mtu wa kuniambia ninyamaze. Nikipata habari yoyote, nzuri au mbaya, mwili wangu bado huinuka kutaka kuja kwako kwanza, halafu unakumbuka, unaketi. Miaka kumi na moja unainuka na kuketi. Mwili umechoka.

Sitakubembeleza tena. Hii ndiyo ya mwisho ya kuomba. Zitakazofuata zitakuwa za mahindi na Mutisya.

Kavinya


Marsabit, stendi
2 Agosti 2025

Kavinya,

Salamu nitakupa mwenyewe.

Shule imefungwa jana. Barua ya uhamisho ninayo, wamenipa na dawa za miezi mitatu. Nilidhani nitazificha ndani ya soksi kama zamani, lakini Saado amenishonea mfuko wa kitambaa, wa rangi ya kuonekana, na amenitisha kwamba nikiuficha atajua. Alilia, akanifukuza jikoni ili masista wasimwone.

Hared amekaa kwenye usukani anakula mkate. Naandika kwa mazoea tu, maana barua hii haina wa kuibeba ila mimi. Sijamwambia Mama. Tutamwambia wawili, ukinishika mkono.

Najifahamu. Nikifika mlangoni kwako sauti haitatoka. Nitakukabidhi karatasi hii, nawe uisome pale pale hata kama una kichwa cha mtu mkononi. Ukimaliza usinikumbatie mbele ya wateja, na usiseme umenikosa, umeshasema. Niulize kama nimekula, vile ungeniuliza kama ningekuwa nimetoka asubuhi.

Mbeti